Mgombea Akijitoa, Kura Zetu Azipeleka Wapi?



Kuna neno moja ambalo wakubwa wa siasa walilitumia sana katika Novemba 2023. Neno hilo ni "kujitoa". Tarehe 19 Novemba, siku ile ile kampeni ilipofunguliwa, Bwana Augustin Matata Ponyo, aliyekuwa Waziri wa Kwanza toka 2012 mpaka 2016, alitangaza kwamba anaacha kugombea urais na kwamba anamwunga mkono Bwana Moïse Katumbi. Siku zilizofuata wakaingia njia ile ile Bwana Seth Kikuni, Bwana Franck Diongo na Bwana Delly Sesanga. Watu wanne katika orodha ya watu 26.

Redio zikapiga kelele. Wafuasi wa mmoja wakashangilia, wafuasi wa mwingine wakacheka. Lakini swali ambalo lilikuwa la kuulizwa kwanza halikuulizwa. Yule kijana wa Dilala au wa Manika aliyekuwa amekwisha kubandika picha za mgombea wake ukutani, ambaye ameshindana na jirani zake kwa ajili yake, aliulizwa lini? Nani alimwita akamwambia, "Ndugu yangu, nimefikiri hivi na hivi, wewe waonaje?" Aliipata habari kama tulivyoipata sisi sote, katika redio na katika simu ya mkononi, jambo likiwa limekwisha.

Sisi watu wa Kolwezi twajua sana biashara ya namna hii. Mchimbaji wa mkono hushuka shimoni, hutoa mawe, huyaosha, huyatia katika gunia, hulipeleka Musompo. Pale mnunuzi hulipima uzito, halafu hutia mashini yake ndani ya gunia kuona madini ni mengi au ni machache, halafu hutaja bei. Kuanzia hapo gunia si la mchimbaji tena. Litauzwa kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, mpaka livuke Kasumbalesa liende baharini, na mchimbaji hatapata habari zake tena. Na hata katika biashara hiyo, ambayo malalamiko yake twayajua sote, mchimbaji huwapo wakati wa kupima. Huiona mizani, hata kama haiamini.

Kura si gunia la mawe. Kura haijatoka mkononi mwa mwenyewe mpaka siku ya uchaguzi. Basi mgombea anayesema mwezi mzima kabla ya siku hiyo, "Nampa fulani kura zangu," anatoa kitu gani? Anatoa mali ambayo hajakabidhiwa.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba kujitoa ni aibu. Mtu anayeona hana nguvu za kushinda, akaona mwenzake ana fikira kama zake na ana watu wengi kuliko yeye, akamwachia njia, amefanya kazi ya mtu mzima. Nchi yetu imeumizwa zaidi na wale wasiotaka kumwachia mtu njia. Shauri letu ni namna ya kujitoa, na kile kinachofuata nyuma yake.

Tuangalie jambo hili limekuwaje katika nchi yetu. Katika uchaguzi wa 2006 sheria ilitaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Tarehe 30 Julai hakuna aliyeipata. Bwana Joseph Kabila alikuwa na 44.81 katika mia, Bwana Jean-Pierre Bemba 20.03, na wa tatu alikuwa mzee Antoine Gizenga wa chama cha PALU, mtu wa siku za Lumumba, naye alipata 13.06. Mzee Gizenga hakujitoa. Alipigana mpaka mwisho, akashindwa, watu wakamwona ameshindwa kwa kiasi gani. Ndipo akapatana na Bwana Kabila kwa duru ya pili ya tarehe 29 Oktoba: PALU wamwunge mkono, na PALU wapewe uwaziri wa kwanza. Mwisho wa Desemba 2006 mzee akateuliwa kweli kuwa Waziri wa Kwanza. Alipojiuzulu 2008, nafasi ikaenda kwa Bwana Adolphe Muzito wa chama kile kile. Wako waliochukizwa na mapatano yale, na sababu zao walikuwa nazo. Lakini tuseme yaliyo haki: uzito wa Gizenga ulikuwa umekwisha kupimwa mbele ya watu wote kabla hajataja bei.

Halafu Januari 2011 katiba ikabadilishwa, duru ya pili ikafutwa. Toka siku ile anayetangulia ndiye mshindi, hata akiwa chini ya nusu. Mwaka ule ule Bwana Kabila alitangazwa mshindi kwa 48.95 katika mia. Mzee Étienne Tshisekedi aliandikiwa 32.33 na Bwana Vital Kamerhe 7.74. Kwa sheria ya zamani wangerudi tena kwa watu. Kwa sheria mpya, kazi ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo haya, na twashangaa kwamba watu huyazungumza mambo ya kujitoa bila kuutaja mzizi huu. Duru ya pili ilipoondolewa, mapatano ya vyama hayakuondoka. Yalihama tu. Zamani yalifanywa baada ya watu kupiga kura, sasa yafanywa kabla. Zamani wananchi walipima kwanza na wakubwa wakapatana baadaye. Sasa wakubwa wanapatana kwanza, kila mmoja akitaja uzito wake mwenyewe kwa kinywa chake, na mizani hakuna. Tena wanapatana mbali. Geneva, Nairobi, Pretoria! Hakuna hata mmoja wa miji hiyo ambao ni rahisi kwa mtu wa Kolwezi kwenda akasimama mlangoni kusikiliza.

Kumbukeni 2018. Tarehe 11 Novemba wakubwa saba wa upinzani walikutana Geneva: Félix Tshisekedi, Vital Kamerhe, Jean-Pierre Bemba, Moïse Katumbi, Adolphe Muzito, Freddy Matungulu na Martin Fayulu. Bwana Katumbi mwenyewe alikuwa amezuiwa kuingia nchini kwa Kasumbalesa mwezi wa Agosti, akakosa nafasi ya kugombea. Wote saba wakatia sahihi kwamba mgombea wao ni mmoja, ni Bwana Fayulu. Kesho yake, tarehe 12, Bwana Tshisekedi na Bwana Kamerhe wakaondoa sahihi zao. Walisema wafuasi wao wamekataa.

Watu wengi waliwatukana kwa kugeuka siku moja baada ya kuahidi. Sisi twaona upande mwingine pia. Wafuasi walipiga kelele na wakubwa wakasikia. Hiyo si dhambi. Kosa ni kwamba walikwenda Geneva bila kuwauliza, kisha wakawasikia waliporudi. Kama wangewauliza kwanza, sahihi isingetiwa, na kama ingetiwa, isingefutwa.

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 23 Novemba 2018, wawili hao walikuwa Nairobi wakitia sahihi nyingine. Bwana Kamerhe alijitoa kwa ajili ya Bwana Tshisekedi. Mambo yaliyovuma sana katika mapatano yale ni viti: Kamerhe awe Waziri wa Kwanza, kisha zamu ya 2023 iwe yake. Januari 2019 tume ya uchaguzi, CENI, ikamtangaza Bwana Tshisekedi kwa 38.57 katika mia na Bwana Fayulu kwa 34.83. Maaskofu wa Kanisa Katoliki, waliokuwa na waangalizi kama 40,000, walisema kwamba hesabu hiyo hailingani na waliyoyaona watu wao. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari.

Je, ahadi za Nairobi zilikwendaje? Waziri wa Kwanza akawa Bwana Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mtu wa upande wa Bwana Kabila. Bwana Kamerhe akawa mkuu wa ofisi ya Rais. Aprili 2020 akatiwa gerezani, Juni akahukumiwa miaka 20, mwisho wa 2021 akatoka, na 2022 akaachiliwa kabisa na korti. Na 2023 ilipofika, ile zamu haikuonekana. Bwana Tshisekedi aligombea tena, na Bwana Kamerhe alikuwa upande wake. Mei 2024 akawa mkuu wa Baraza la Wajumbe, na Septemba 2025 akajiuzulu. Hatuandiki haya kumcheka mtu. Twauliza jambo moja tu: katika safari hiyo yote ya mtu mmoja, kwenda juu na kushuka chini, wale waliotaka kumpigia kura 2018 walikuwa wapi? Kiti kilitafutwa, kikakosekana, kikapatikana kingine. Wao hawakuwa na kiti wala neno.

Ndugu zetu wa Kenya walikwisha kuyaona haya mapema. Tarehe 14 Oktoba 2002, pale Uhuru Park, Bwana Raila Odinga aliacha kuutafuta urais akasema maneno mawili tu, "Kibaki tosha". Umati ukaitika. Desemba Bwana Mwai Kibaki akashinda kwa zaidi ya 60 katika mia, na chama kilichotawala toka uhuru kikaondoka kwa kura, bila risasi. Kujitoa kule kulikuwa na faida kubwa kwa nchi, na asiyekubali hivyo anadanganya. Lakini nyuma ya maneno mawili kulikuwa na karatasi, mapatano ya kugawana serikali ambayo wananchi hawakuyasoma. Karatasi haikufuatwa. Upande mmoja ukasema wametudhulumu, upande mwingine ukasema hatukuahidi hivyo. Mwaka 2005 wakapigana katika kura ya maoni juu ya katiba, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 wakafa. Hatusemi kwamba karatasi moja ndiyo iliyoua watu wote hao; ardhi, ukabila na hesabu ya kura vilikuwamo. Lakini mapatano ya siri yakivunjwa, hakuna hakimu, kwa sababu hakuna shahidi.

Kwetu sisi wa Katanga tuna mfano wa zamani zaidi. Mei 1960 CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 katika baraza la jimbo, na Cartel ya BALUBAKAT na wenzake ilipata 23. Hakuna aliyekuwa na nusu. Waliobaki, wengi wao walikuwa wamechaguliwa kwa majina yao wenyewe, bila chama. Baada ya kuchaguliwa wakajiunga na CONAKAT. Hakuna aliyerudi kijijini kuwauliza waliomtuma. Tarehe 11 Julai 1960 Bwana Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Wazee wetu waliokuwa Kolwezi wakati huo wanajua yaliyofuata mpaka Januari 1963, wakati majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia mji huu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kiti kuhama kutoka mkono huu kwenda mkono ule ni mambo madogo ya wanasiasa wenyewe.

Turudi 2023. Wako wanaosema, "Siasa ni hesabu. Wanyonge wanne wakijumlishwa na mwenye nguvu mmoja, nguvu zinaongezeka." Basi tufanye hesabu. Korti ya Katiba ilimpa Bwana Tshisekedi zaidi ya 73 katika mia, Bwana Katumbi kama 18, na Bwana Fayulu, ambaye hakukubali kujitoa, kama 5. Uchaguzi ule ulikuwa na taabu nyingi: vituo vilivyochelewa kufunguliwa, kura zilizoendelea kupigwa siku kadhaa baada ya tarehe 20 Desemba, na CENI yenyewe kufuta wagombea 82 wa ubunge na viti vingine kwa udanganyifu. Kila mtu ana haki ya kuzitilia shaka namba hizo. Lakini hata mwenye shaka hawezi kutuonyesha kura ambazo wale wanne walizileta. Walijitoa kabla hawajapimwa. Labda walileta nyingi, labda walileta majina yao tu.

Tena liko jambo la mashini. Mgombea urais mwaka ule alilipa franka milioni 160 kuandikishwa, fedha ambazo hazirudi. Jina lake likikwisha kuingia katika orodha ya mwisho, halitoki kwa sababu amesema neno redioni. Mama mzee wa kijiji cha mbali asiye na redio, anayeingia kituoni na kuona picha ya mtu aliyempenda, anaigusa picha hiyo, karatasi inatoka, anaitia sandukuni. Amempigia kura mtu ambaye hayumo tena. Nani alikwenda kijijini kumwambia? Kuja kuomba kura magari yalipatikana. Kuja kuaga hayakupatikana.

Sasa tuseme juu ya mambo yanayotuuma sisi. Mgombea afikapo Kolwezi hazungumzi juu ya mawingu. Anazungumza juu ya mashimo. Anaahidi kwamba wachimbaji wa mkono watapata viwanja vyao vya kuchimba kwa sheria, wasifukuzwe kama mbwa. Anaahidi kazi za kampani kwa vijana wa hapa, mishahara iliyo sawa kwa kazi iliyo sawa. Anaahidi kuulizia fedha za madini. Sheria ya migodi ya 2018 inasema wazi: ushuru wa kobalti, ambao ni 10 katika mia toka ilipoitwa mali ya pekee, nusu yake ni ya Serikali ya Kinshasa, robo ni ya jimbo, 15 katika mia ni ya mji, sekta au utawala wa kijadi panapochimbwa, na 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Mtu akiahidi kusimamia hizo 15, ametamka jambo kubwa kuliko kugawa fulana na pombe.

Na haya si maneno ya kupamba mikutano. Juni 2019 udongo uliwafunika wachimbaji katika eneo la KCC, wakafa watu zaidi ya 40. Novemba 2025 pale Kalando, katika jimbo letu hili, daraja la kuvukia likaanguka na watu wakiwa juu yake, wakafa wasiopungua 32. Ahadi ya mgombea juu ya mashimo ni ahadi juu ya nani atarudi nyumbani jioni.

Basi mgombea akijitoa, ahadi hiyo inakwenda wapi? Anayepokea kura zake, anaipokea na ahadi yake? Au anachukua watu na kuiacha ahadi barabarani? Hili ndilo ambalo katika matangazo yote ya Novemba 2023 tulilitafuta tukalikosa. Tuliambiwa fulani anamwunga mkono fulani kwa ajili ya umoja, kwa ajili ya mabadiliko, kwa ajili ya nchi. Maneno mazuri. Lakini hatukusikia mtu akisema, "Mimi niliwaahidi watu wa Lualaba hiki na hiki. Nimekaa na mwenzangu, hiki amekikubali, hiki amekikataa."

Uchaguzi mwingine wa Rais unangojewa Desemba 2028. Wagombea watakuwa wengi, maana kila mtu mwenye gari na kitambaa cha chama hujiona Rais, na wengi watajitoa. Wakati ni huu wa kuwaambia masharti yetu, kabla hawajaja na ngoma.

Anayetaka kujitoa, awaite kwanza watu wake wa kazi, wale wa komini na wa mtaa, si wale wa Kinshasa tu, na neno lao liandikwe. Mapatano yasomwe yote kwa sauti, Kiswahili kwa watu wa Kiswahili, pamoja na ukurasa wa viti. Kama ameahidiwa uwaziri, aseme ameahidiwa uwaziri; hatutamchukia kwa hilo, Gizenga alilisema na mbingu hazikuanguka. Vijana waliomfanyia kazi walipwe kabla ya yeye kupanda ndege. Tunao katika mji huu vijana wa pikipiki waliobeba bendera za mgombea mmoja wiki nzima, wakanunua petroli kwa fedha zao, na siku ya malipo simu ikawa haipokelewi. Na wale aliokuwa amewatayarisha kuwa mashahidi katika vituo wasirudishwe nyumbani, bali wakae katika vituo vile vile wazilinde kura za yule aliyeachiwa, maana hiyo ndiyo nguvu ya kweli aliyo nayo mgombea mdogo, kuliko jina lake.

Na duru ya pili irudishwe katika katiba. Watasema ni gharama kubwa. Nchi inayosafirisha kobalti nyingi kuliko nchi zote za dunia inaambiwa haina fedha za kuwauliza watu wake mara mbili! Wajumbe wetu wa Lualaba walioko Kinshasa waulizwe juu ya jambo hili kila wanaporudi likizo, sokoni na kanisani, kila mmoja kwa jina lake, na jibu lake liandikwe pamoja na tarehe.